Miti Isiyo na Mwenyewe

Shemeji yangu, Rayburn Hollis, ni fundi wa matrekta, mtu wa maneno machache. Katika ziwa letu hapa Alabama, wachache wanamfikia kwa kumtoa samaki aitwaye besi mdomo mpana kwenye vichaka vya chini ya maji. Chambo hai hakigusi. Hutumia chambo bandia, ndoana yenye chubwi na miguu ya mpira, akiidondosha kati ya matawi taratibu kama anayemlaza mtoto.

Vichaka hivyo havijiotei. Wakati wa baridi kila mvuvi hukata mierezi yake, huifunga kwenye matofali na kuizamisha mahali anapopajua peke yake, ili samaki wajifiche humo. Kuvua kwenye miti ya mwenzako ni sawa na kuingia jikoni kwake akiwa hayupo.

Mwaka mmoja Clovis Tidmore, jirani yetu mzee, alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, na Rayburn akawa anakaa naye hospitalini. Siku moja mzee, akidhani harudi tena nyumbani, akamweleza miti yake iko wapi. Alimwomba aongeze mierezi mipya, maana ile ya zamani imeoza. Hakumwomba kingine.

Kisha yakaja mashindano ya kanisa, ya kuwania kikombe chenye jina la marehemu mume wangu, Everett. Mimi ndiye hukikabidhi. Rayburn hakuwahi kukishinda kikombe cha kaka yake, na nadhani hilo lilimkera kuliko alivyoonyesha. Jioni akaleta besi ambaye watu waliacha kula mkate wa mahindi ili wamtazame.

Mpimaji alipomfunua samaki mdomo, akainama amtazame vizuri. Kando ya ndoana ya Rayburn kulikuwa na nyingine, imeshika kutu, miguu ya zambarau, imefungwa kwa uzi wa manjano. Uzi huo ulitoka kwenye cherehani ya mke wa Clovis. Ziwani hakuna mwingine aliyefunga chambo hivyo; samaki alikuwa ametoka kwenye miti ya mzee.

"Ray," mpimaji akasema polepole, "mzee Clovis anaendeleaje?"

Mtu wa nyuma akadakia, "Bado hajafa, kaka. Si ungesubiri."

Watu wakacheka, kisha wakaniona nimesimama na kikombe mkononi. Kicheko kikakatika. Huko kunihurumia ndiko kulikoniumiza zaidi.

Nilikirudisha kikombe ndani ya sanduku lake. Nikamwambia Rayburn aipeleke ile ndoana hospitalini, nami nikaenda naye, kwa kuwa jina lililochafuka lilikuwa letu sote.

Clovis aliigeuza kiganjani. "Kumbe ni yule samaki," akasema. "Alinikatia mshipi kabla ya baridi. Alikusumbua?"

"Sana, mzee."

"Haya." Akageukia ukutani.

Clovis alipona, lakini hakumkaribisha tena Rayburn barazani kwake. Rayburn naye hajashindana tena. Kila baridi huzamisha mierezi mingi kuliko mtu yeyote, na hufanya jambo ambalo hapa mvuvi mwenye heshima zake halifanyi: humwambia kila anayeuliza ilipo. Wakija wageni wasiolijua ziwa, wenyeji huwaelekeza, "Nendeni kwenye miti ya Hollis. Ile haina mwenyewe."

Husema bila ubaya wowote. Mimi, nikilisikia jina letu, huendelea kumenya kunde zangu, nisiinue macho.