Jina Ndani ya Pindo

Mteja wangu wa miaka mingi alinirushia gauni lake mezani, akasema hataki kurogwa.

Jamani, kurogwa na fundi cherehani?

Nikageuza pindo. Ndani yake, kwa uzi mwekundu, mtu alikuwa ameshona maneno mawili: EL ROI.

Mwenzenu nikaishiwa pozi.

Dukani tulikuwa watatu. Mimi, mume wangu anayekata vitambaa, na fundi tuliyemwita Kimya, mwanamke mtu mzima ambaye angeshinda kutwa bila kukupa zaidi ya salamu. Mapindo yote alishona yeye.

Nikafumua nguo nyingine zilizokuwa zinasubiri wenyewe. Sketi, suruali ya bwana mmoja, joho la kanisani. Zote zilikuwa na maneno yaleyale.

Mume wangu alipoyaona akasema huo ni uchawi wa kutufukuzia wateja, na Kimya aondoke leo leo. Nilishangaa kidogo, maana yeye hata panya humwonea huruma. Lakini duka ndilo linalotulisha, na wateja walishaanza kunong'ona. Nikakubali.

Ila nilitaka kwanza nimkamate na ushahidi. Akienda chooni, namsindikiza kwa macho. Mchana nikamkuta kajitenga anafumua kiuno cha sketi yake mwenyewe. Nikajisemea, naam, hirizi anaificha humo.

Ndipo Mama Mchungaji akaja kuchukua joho lake. Yeye amesomea Kiebrania. Nikamwonyesha lile pindo, akacheka.

"Hili ni jina la Mungu, mwanangu. Maana yake, Mungu anionaye."

Nikambishia. Majina hayo nayajua, yamejaa kwenye mabango ya maduka: El Shadai, Mwenyezi, Yehova Yire, atakayetupatia. Hili mbona halibandikwi?

Akaniambia Yire lilitoka kwa mzee mwenye mifugo na watumishi wake. Hili lilitoka kwa kijakazi. Bibi aliyemtumikia alimtesa hadi akakimbilia nyikani, akakaa kwenye chemchemi akidhani hakuna anayejua habari zake. Mungu akamwona, naye akampa Mungu jina hilo.

"Aliteswa kwa kosa gani?" nikauliza.

"Mimba. Ya bwana wa nyumba."

Mkasi wa mume wangu ukanyamaza.

Nikamgeukia Kimya. Mimi ninayepima viuno vya watu kutwa, chake sikuwahi kukitazama. Hakuwa akificha hirizi. Alikuwa anaiachia sketi mishono, haimtoshi tena.

"Alisema nikifungua mdomo kazi sina," Kimya akasema, "na wewe dada utamwamini yeye. Nikaona nimwambie Yule anayeona."

Iliniuma, nisiwadanganye. Hasira ya kwanza ilimwendea Kimya, maana ndiye aliyekuwa karibu. Kisha nikamtazama mume wangu, nikamuuliza kama ni kweli. Akaanza kukunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

Kwenye kisa cha Mama Mchungaji, aliyeondoka nyumbani ni kijakazi. Kwangu aliyebeba begi ni mkata vitambaa.

Kimya bado anashona hapa, na mwanawe analala kwenye kapu la vipande. Bango la duka sasa linasomeka El Roi. Wateja wanaouliza maana nawaambia.

Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa. Mimi naongeza: mtu akikuharakisha umfukuze mwenzako, mchunguze kwanza huyo mwenye haraka.