Mashini ya Sombe Ilipoingia Buyenzi

Enzi zetu Buyenzi, mtaani kwetu Bujumbura, sombe, yaani kisamvu, ilisikika kabla ya kunukia. Ijumaa wanaume wakiwa msikitini, vinu viliitikiana ua kwa ua, nasi watoto tukicheza mpira wa matambara barabarani. Harufu mbichi ya majani ya muhogo yakipondwa na vitunguu saumu ilituachisha hata penalti. Vijana wa leo wanainunua kwenye mfuko, wanaipiga picha, ndipo wanakula. Nadhani wengine wanaamini inaota ikiwa imeshasagwa.

Mtwangaji wa barabara yetu alikuwa Mama Zaituni, mjane. Mama zetu walimpelekea majani, akayatwanga na binti yake Zaituni, aliyesoma nami darasa moja na kunishinda hesabu bila huruma. Ujira ulijulikana: katika sombe ya kila nyumba, bakuli moja lilibaki kwake. Aliipika kwa mawese na kuiuza jioni mlangoni. Sare ya Zaituni ilitoka humo.

Kisha Mzee Hamisi, muuza vipuri, mwenye akiba kuliko sisi sote, akaleta mashini ya kusaga sombe. Tulikwenda kuitazama kama bibi harusi. Mama Zaituni naye akaja.

"Mashini haichokake," Mzee akamtania, "tena haisengenyake watu."

"Kweli, muzee. Tena haikulake. Mi na mutoto tunakulaka."

Wanawake walicheka wakashikana mabega. Halafu wakapanga mabeseni yao kwenye foleni, mama yangu akiwa mbele. Simlaumu. Kwa sarafu chache alirudi na sombe yake yote, na jioni ile tuliongezewa bakuli ambalo zamani lilikuwa la Mama Zaituni. Lilikuwa tamu, sitaki kudanganya.

Mwaka wa shule ulipoanza, Zaituni hakurudi.

Baadaye, chuoni, nilifundishwa kwamba mashine ikiongeza pato la nchi, waliofaidika wanaweza kuwafidia waliopoteza. Wanaweza! Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama nzuri, na hakuna aliyeniuliza ni nani hasa atakayevuka barabara na bakuli mkononi.

Leo watoto wa Mzee Hamisi wana mashini katika masoko kadhaa na maghala karibu na bandari. Mimi nina digrii na kitambi. Zaituni anauza majani mabichi huko Kanyosha, pembeni mwa mji, amekaa juu ya gunia. Juzi nilinunua fungu kwake, akanijua kabla sijamjua. Akahesabu chenji kichwani, upesi kama zamani, akaniongezea mkono mmoja wa majani.

"Batoto wako wanasoma, kaka?"

Nikajibu kwamba wanasoma. Wa kwake sikuwaulizia.

Utotoni mwetu barabara nzima ilijua ni nyumba gani imelala njaa, na mtu alibisha hodi bila kuona haya. Sasa mji una vingi kuliko tulivyowahi kuota, nasi tunaogopa kuuliza.