Tovuti kwa Jina la Shemeji

Fundi Miguu alipima kigutu cha mtu kwa kiganja tu, akamchongea mguu wa bandia usiochubua. Mambo ya kompyuta alimwachia shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye duka la kompyuta na ulimi wa asali. Ndiye aliyebuni jina la tovuti, fupi, rahisi kukumbukwa hata na mtu mwenye maumivu. Ndiye aliyelisajili pia, kwa jina lake na barua pepe yake mwenyewe.

"Na mimi je, sionekani popote?" fundi aliuliza siku ile.

"Shemeji, unataka tuandikishane kama mpangaji na mwenye nyumba?"

Fundi akaona haya, akaliacha hapo. Wengi wetu huona haya pasipo na aibu, penye aibu tukakaza macho.

Jina likafanya kazi. Wateja wa mbali wakaandika. Fundi akawa anachoma anwani ya tovuti kwa chuma cha moto kwenye kila mguu, chini kidogo ya goti, ili mkanda ukikatika mwenyewe ajue pa kukimbilia. Anwani ikapanda ngazi za ofisi, ikasimama foleni za hospitali. Kubadili jina sasa kulikuwa kama kuwavua miguu watu wote wale.

Kisha mdogo wake akaja na mfuko mmoja wa nguo na jicho lililovimba.

"Dada, safari hii sirudi."

"Kaa, mdogo wangu. Chumba hiki ni chako."

Alilisema kwa moyo safi. Tusimnyime haki yake.

Wiki haikwisha, simu ya karakana ikawa kimya. Mteja wa zamani ndiye aliyefika kwa magongo, akifoka tangu mlangoni. "Fundi, umetuuza! Naandika anwani yako, napelekwa kwa wauza miguu ya plastiki. Mguu wao huu hapa, umenichuna kama kiatu cha kuazima!"

Fundi akapiga simu kwa wasajili wa majina. Wakamjibu kwa adabu: mmiliki ni yule aliyeandikwa. Akaenda dukani, akamkuta shemeji anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta.

"Karibu, shemeji. Chai?"

"Jina langu liko wapi?"

"Jina langu," akamsahihisha, bila kupaza sauti. "Ila mimi si mtu mbaya. Una kitu changu, nina kitu chako. Mke wangu akirudi, nakuhamishia siku hiyo hiyo."

"Unampiga."

"Na wewe unachonga miguu. Kila mtu na kazi ya mkono wake."

Njia nyingine ilikuwepo: kusajili jina jipya, kumtafuta mteja mmoja mmoja, kukaza mkanda mwaka mzima. Fundi aliifikiria mpaka alipofika nyumbani, basi.

Walipokaa kula, akaweka kijiko chini. "Shemeji anasema ukirudi, atanipa jina."

"Na wewe unasemaje, dada?"

"Mimi sisemi kitu."

Mdogo mtu akainuka. Akaosha vyombo vyote, akafunga mfuko wake. "Usinisindikize," akasema mlangoni. Hakusindikizwa.

Shemeji akatimiza ahadi. Waovu nao huwa na neno moja wanapopata walichotaka. Kesho yake fundi akaketi kwenye kompyuta, safari hii ameerevuka. Akaandika mmiliki ni yeye. Akalipia miaka mingi mbele. Akasajili na majina yanayofanana nalo, asije mjanja akajipenyeza. Ikabaki kufunga mlango wa uhamisho, jina lisihamishwe tena bila idhini yake, na kwa hilo namba ya siri ingetumwa kwenye simu yake, idumu dakika chache tu.

Simu ikatetemeka. Ni mdogo wake. Fundi akakata. Ikaita tena, akakata, akisonya, "Subiri basi!" Haikuita mara ya tatu. Ujumbe ukaingia, akanakili namba, na kompyuta ikampongeza.

Ndipo akapiga. Simu ya mdogo wake ilikuwa imezimwa. Akajaribu ya shemeji. Ikaita mpaka ikachoka. Alikuwa bado ameishika simu ilipolia mkononi, namba ngeni.

"Samahani, nimekupata kwenye tovuti. Wewe ndiye yule fundi wa miguu mwenyewe?"

Akavuta kipande cha karatasi.

"Mimi ndiye," akasema. "Mguu upi, wa kulia au wa kushoto?"