Pasi ya Mkaa

Mjukuu wangu alikuwa askari wa wanyamapori Mikumi. Kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola aliwashinda wanaume, nasema wazi. Akija kwangu Mabwerebwere, alinyoosha mkono mmoja akaishikilia pasi yangu ya mkaa mpaka uji uchemke, ili mkono uzoee kutulia.

"Mke mwenzangu, leo unapiga pasi hewa?" nilimtania.

"Shika wewe, bibi, tuone."

Nikamwambia mimi mzee.

Homa ilimchukua. Baada ya arobaini tukagawana nguo zake. Mimi niliomba karatasi yake ya shabaha, matundu yote yako katikati.

"Mama, karatasi iliyotoboka ya nini?" aliuliza shangazi yake.

Nimeibandika ukutani. Kila asubuhi nashika pasi, nanyoosha mkono kuielekea. Uji haujachemka, mkono wangu umeshashuka.