ND filter ilivyomrudishia mama yangu shamba lake la Mitunguu

Wakuu habari zenu. Haya nayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi hushoot harusi na drone hapa Meru. Mwaka jana mama alianguka akavunjika nyonga. Baada ya operation akahamia kwa dada yangu Kendi, Embu mjini, karibu na hospitali.

Daktari alimwambia aanze kutembea na walker. Mama akakataa kabisa.

"Nitembee niende wapi? Shamba yangu si ilishakauka?"

Haikuwa imekauka. Lakini hakutuamini.

Nikaona dawa ni moja. Nikaenda Mitunguu saa sita mchana, nikarusha drone juu ya migomba yetu (kibali ninacho, msianze), nikamletea video kwa TV ya Kendi.

Alitazama kidogo tu akafunika macho na leso.

"Zima, Mutwiri. Kichwa inazunguka."

Wakuu, niliumia. Nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu.

Nikamtumia clip rafiki yangu tunayeshoot naye. Akacheka. "Hiyo jua yote na huna ND? Shutter yako imepanda mpaka video inaruka ruka."

Kwa wasiojua: ND filter ni kioo cheusi unachovalisha lenzi, kama miwani ya jua. Kinapunguza mwanga. Ukishoot 25fps (picha 25 kwa sekunde) unataka shutter, yaani muda kila picha inapokea mwanga, iwe karibu 1/50 ya sekunde, ndio mwendo utoke laini. Bila ND, kwa jua la Mitunguu, picha inaungua iwe nyeupe tupu, ama shutter inapanda na kila jani linaonekana likidunda peke yake.

Harusi zangu nyingi huwa jioni, ndio maana sikuwa nimeishtukia.

Akaniazima ND32, ile inayopunguza mwanga mara 32. Nikaivalisha kabla ya kuwasha drone, ISO 100, shutter 1/50, nikarudi Mitunguu jua likiwa lile lile. Nikapaa polepole, kutoka kwa mfereji wa maji hadi kwa boma.

Safari hii, mbele ya TV ya Kendi, mama hakufunika macho.

Majani yalikuwa yanapepea vile yeye anayajua. Akasogea mbele kwa kiti. Video ilipofika kwa kaburi la baba, pembeni ya migomba, akainua mkono.

"Simamisha hapo. Nani amepalilia kwa baba yako?"

Mimi sikuwa hata nimeona. Palikuwa pasafi, na maua yamepandwa.

Kendi akampigia jirani yetu, Mama Karimi. Kumbe ni yeye, kila akitoka kanisani anapitia hapo. Hakuwahi kutuambia.

Wakaongea Kimeru muda mrefu, mama akicheka huku akijipangusa machozi. Alipomaliza akamrudishia Kendi simu.

"Hiyo chuma ya kutembelea mliiweka wapi?"

Siku hiyo alifika mlangoni tu, mimi na Kendi tukiwa kila upande. Kesho yake akafika kwa gate.

Nilichojifunza: nilidhani mama hataki kuona nyumbani, kumbe macho yake yalikuwa yanachoka na kazi yangu mbaya. Kabla useme mtu amekata tamaa, angalia kwanza umemwonyesha nini, na umemwonyesha vipi.

Wenye drone, nyinyi jua la mchana mnatumia ND gani? Na kama umewahi kumpelekea mzazi nyumbani kwa video, hebu tusimulie hapa chini.

Nitajibu baadaye kidogo. Niko Mitunguu, na mama ananiita nje nimshikie kikapu akichuma mboga.