Karatasi Iliyotiwa Kidole

Fundi cherehani alikuwa na binti mmoja tu, na kwa miaka kumi na moja alihangaika kumtafuta wa pili. Alikunywa dawa za kila mganga. Mama mkwe alimsema, naye akajilaumu.

Mwishowe alikwenda kupimwa hospitali nyingine, si ile aliyomzalia binti yake. Daktari aliitazama picha ya kizazi, akakunja uso. "Mama, mirija yako ilifungwa. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Alikumbuka tu siku alipojifungua kwa upasuaji, uchungu umemkaba, na muuguzi akikishika kidole chake gumba na kukibandika kwenye karatasi. "Ni ya dawa ya usingizi," muuguzi alisema.

Tangu hapo hakutulia. Akiketi kushona, anainuka. Mikono ya gauni la mteja aliishona ndani nje. Mara tano alirudi masjala ya hospitali ile ya kwanza kudai faili lake, na mara ya sita karani akampa nakala ili amwondokee. Binti yake akamsomea: "Ni wa wale weusi wa bondeni. Huzaa kupita kiasi. Amefungwa kizazi."

Binti aliikunja nakala, akasema, "Mama, kaa kidogo."

"Nitakaaje, mwanangu? Tulikuwa wanne wodini, wote wa bondeni." Alikuwa keshavaa viatu.

Jioni hiyo alibisha hodi kwa muuza mkaa, mmoja wa wale wanne, ambaye naye hakuzaa tena. Juma lililofuata, wote wanne walikuwa wamesimama mlangoni kwa wakili kabla hajafungua ofisi.