Upande wa Luhende

Kama kuna mtu amewahi kuniudhi kwa kipaji chake, ni Luhende. Katika miaka yote niliyoimba jukwaani sijasimama na mpiga gitaa la solo kama yeye, na kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kuachana na hilo gitaa.

Zamani tulikuwa bendi ya kiwanda cha nguo. Tulilipwa mshahara kama mafundi wa mashine, tukapiga rumba, tukaheshimika. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, mitumba ikajaa Mwanza nzima, kiwanda kikafa, na vyombo vyetu vikanunuliwa na mwenye hoteli mmoja. Huyo hakutaka rumba. Wateja wake walikuwa marubani wa ndege za samaki na Wazungu waliokuja kutafuta dhahabu, na hao walitaka roki. Basi tukawa bendi ya roki. Mayala, kiongozi wetu na mpiga besi, mtu aliyekulia kwenye ngoma za Kisukuma, akafuga nywele ndefu uzeeni. Mimi Bernadeta niliimba Kiingereza nisichokielewa, nikapigiwa makofi na watu waliokuwa wamelewa.

Ila tulikuwa na wimbo mmoja wetu wenyewe, wa kufungia. Katikati ya wimbo huo Luhende alipiga solo ndefu, na kwa ajili ya hiyo solo tu vijana walitoka Mabatini kwa miguu kuja kusimama nje ya uzio wa hoteli. Mwenye hoteli aliwaona. Alijua wanamfuata nani, na Mayala alijua pia.

Siku moja Luhende akaniambia anatengeneza albamu ya rap.

"Rap?" nikamuuliza. "Hayo si mambo ya watoto wa Dar wenye video nyumbani?"

"Dada Berna, nikipiga gitaa nasema maneno ya watu wengine. Nikishika maiki ndiyo najisikia mwenyewe."

Nilicheka. Kisha nikasikia amewauza ng'ombe alioachiwa na marehemu baba yake wa kuolea mke, amepanda treni kwenda kurekodi Dar, na hamu ya kucheka ikaniisha. Mama yake, Ng'washi, alikuwa akikaanga mapanki pale Mabatini, yale mafupa ya sangara yanayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Alikaa wiki kadhaa bila kumsemesha mwanawe. Ng'ombe wale walikuwa ndio wajukuu zake.

Luhende alirudi na maboksi ya kaseti zenye picha yake mbele. Bendi akaiaga. Maduka yakazikataa kaseti zake, redio ikamwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikamwambia hivyo hivyo. Akakonda. Nikimwona mjini na begi lake la kaseti nilikuwa najifanya naangalia vitambaa dukani, kwa sababu nilishanunua moja na sikuwa na neno la kumwambia. Jioni alikula mapanki kwa mama yake.

Halafu akaja msambazaji kutoka Dar, anazunguka maduka ya muziki kuelekea Sabasaba. Luhende alimfuata hadi alipofikia. Yule bwana alisikiliza wimbo mmoja, akatoa kaseti kwenye redio, akamrudishia.

"Kaseti nzuri zimejaa stoo kwangu. Mimi nataka kuona watu. Nionyeshe watu wanaikimbilia, nitaichukua yote, nitaisambaza nchi nzima."

Hapo ndipo Luhende alipofikiria kama Msukuma. Kwao wachezaji wa ngoma wako pande mbili, Bagalu na Bagika. Pande hizo zikikutana uwanja mmoja, hucheza kwa wakati mmoja, moja huku, nyingine ng'ambo, na watu huenda wanakotaka. Hakuna mwamuzi. Aliyebaki na watu ndiye mshindi. Babu yake Luhende alikuwa mwimbaji wa Bagalu, na Mayala ni mtoto wa Bagika, wote wawili walinyonya mambo hayo. Kwa hiyo Luhende akamwendea Mayala mazoezini, mbele yetu.

"Shikamoo, kaka Mayala."

"Marahaba."

"Naomba tushindane. Sabasaba, uwanja wa Pasiansi, ninyi upande mmoja, mimi upande mmoja. Nikiimba peke yangu hawaji. Wakisikia ni mashindano, watakuja kuona nani anaaibika."

Mayala alikubali kabla mwenzake hajamaliza kusema. Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Tangu Luhende aondoke, mwenye hoteli alikuwa akitutishia kwamba ataleta disko, mashine mbili na kijana mmoja, na sisi sote twende tukavue.

Mashindano ya namna hiyo hayaendi bila dawa. Asubuhi ya Sabasaba Ng'washi, aliyekuwa ameanza kuzungumza na mwanawe tena, alifika uwanjani na kifurushi alichokitoa kwao Magu, akakifukia upande wa Luhende kwa mikono yake. Luhende, aliyebatizwa na kusoma hadi kidato cha nne, aliangalia pembeni akijifanya anafunga nyaya. Sisi tukamchunguza Mayala tuone dawa yake. Hakuwa na kitu. Alichotuambia mazoezini kilikuwa kimoja tu: kwenye wimbo wa kufungia, ikifika solo, mtu asijaze. Kinanda kinyamaze, besi na drams ziendelee.

"Atapiga nani?" niliuliza.

"Hakuna mtu. Acheni wazi."

Nilidhani mzee anamheshimu kijana wake. Nilimpenda kwa hilo, Mungu anisamehe.

Watu walijaa kweli. Mwanzoni walikuwa wote kwetu, na Luhende ng'ambo alikuwa anaimbia vumbi, midundo ya kaseti inatoka kwenye spika mbili za kuazima. Msambazaji alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari katikati ya uwanja, anakula karanga. Kisha Luhende akaanza ule wa samaki:

*Minofu imepanda ndege, mifupa imebaki kwetu,*
*Mzani unasoma kilo, hausomi shida zetu.*

Wa kwanza kugeuka walikuwa vijana wa viwandani, wenye mabuti yao ya mpira. Wakafuata akina mama wa mapanki. Nikaona migongo. Ukiwa mwimbaji hakuna kitu kibaya kama migongo, lakini siku ile niliifurahia, kila mgongo uliogeuka nilitamani ufuatwe na mwingine. Hadi kiitikio cha tatu uwanja wote ulikuwa kwa Luhende unaimba naye, na mimi nimebaki na watoto na mlevi mmoja. Ng'washi alipiga vigelegele. Msambazaji alikuwa amesimama juu ya gari lake, karanga amezisahau mkononi.

Mayala akamgeukia mpiga drams, akampa wimbo wa kufungia.

Niliimba beti mbili. Ikafika solo, nikanyamaza. Besi ikatembea, drams zikatembea, na juu yake hapakuwa na kitu. Sijawahi kusikia upweke kama ule. Ng'ambo Luhende alikuwa katikati ya ubeti, akapoteza neno. Akalipata. Mayala akaturudisha nyuma, tukaanza tena, tukafika pale pale, pakawa wazi tena. Nikaona vidole vya mkono wa kushoto wa Luhende vinabonyeza kwenye maiki, kimoja kimoja, kila mahali solo ilipotakiwa kwenda. Ndipo nikatazama chini. Gitaa lake lilikuwa mbele ya jukwaa letu, limeegeshwa kwenye stendi, limeshachomekwa waya. Mayala ndiye aliyeliweka.

Nilimtikisia Luhende kichwa. Nilimwambia kwa midomo, baki huko, baki. Aliniona, nina hakika aliniona.

Mayala aliturudisha mara nyingine. Luhende akalaza maiki yake chini polepole, akaanza kuja. Watu walimpisha wakishangilia, walidhani anakuja kutukejeli, kama washindi wanavyofanya. Akapanda jukwaani. Akavaa gitaa, akaingia kwenye lile pengo, akapiga.

Alipiga hadi nikalia. Uwanja wote ukakimbia kwetu. Na kwa desturi yao hakuna aliyehitaji kutangaziwa matokeo: mwenye upande wake akiuacha akahamia ng'ambo, kwisha habari, ameshindwa. Msambazaji alishuka kwenye boneti, akaingia garini. Kule kulikobaki midundo inalia bila mtu, Ng'washi alikuwa amepiga magoti, anafukua dawa yake.

Wimbo ulipoisha Luhende alitazama uwanja, akatazama mikono yake.

"Dada Berna, nimefanya nini?"

Nilimwendea Mayala, nikamtupia maiki miguuni. Alikuwa anakunja nyaya.

"Unamjua vizuri," nilimwambia. "Unamjua kuliko mama yake, ndiyo maana umemuua."

"Bila yeye Jumatatu tunafukuzwa," alisema bila kuinua macho. "Wewe una watoto, Bernadeta. Niambie tungekula nini."

Luhende alirudi kwenye bendi, akapiga solo kila Jumamosi, na vijana wakasimama nje ya uzio. Kabla ya Krismasi mwenye hoteli alileta disko hata hivyo. Vyombo viliuzwa Bukoba. Mayala alirudi kijijini kulima pamba ambayo hakuna aliyeinunua kwa bei ya maana, na Luhende akaajiriwa kiwandani kukata minofu.

Kaseti zake Ng'washi aliziuza kwa kwaya ya parokia. Kaseti iliyorekodiwa inakubali kurekodiwa tena ukiziba kwa karatasi vile vitundu vya juu, na kwaya ilihitaji kaseti za bei rahisi. Wakabandua picha yake, wakabandika ya Bikira Maria.

Mwaka uliofuata nilinunua moja. Luhende alikuwa amepita nyumbani kunisalimia, amekaa kwenye stuli, vidole vimejaa mikato ya visu. Tulikunywa chai, kwaya ikaimba hadi wimbo wa mwisho wa upande huo, ikanyamaza. Kaseti ilikuwa bado haijaisha. Kukawa na mkwaruzo kidogo, kisha sauti yake ikatoka, changa, yenye hamu: *mifupa imebaki kwetu.*

Aliweka kikombe chini.

"Dada Berna, zima."

Sikuzima. Niliiacha ikaimba hadi ilipofika mwisho wa kanda.